Sita, wanne ama watatu? Chagua sheria kwanza, kikosi cha Pokémon baadaye

Mpwa wangu alinijia barazani baada ya Magharibi, simu mkononi, uso umemwiva. "Shikamoo mjomba. Kikosi changu kimekataliwa." Kikosi hicho cha Pokémon, wale viumbe wa gemu za kupambanisha, alikuwa amekisuka kwa wiki mbili, kimemshindia mechi nyingi kwenye programu ya Showdown, na usiku ule alikuwa na ahadi na vijana wa Majengo waliokubaliana kucheza mtindo wa Kijapani, ule wa kuteua watatu kati ya sita. Kila akibonyeza, programu inakataa. Nikaichukua simu nikatazama. Wanne kati ya Pokémon wake sita walikuwa wamevaa viatu vya aina moja, Heavy-Duty Boots. Alikotoka, hilo ni ruhusa. Alikokuwa anakwenda, kifaa cha aina moja hubebwa na mmoja tu.

"Basi nivue vitatu niweke vitu vingine," akasema. Nikamwambia ngoja, shida si viatu. Viatu vile ni dawa ya mawe ya Stealth Rock, yanayomuumiza kila anayeingia uwanjani, na mawe hayo ni maradhi mazito katika mchezo wa sita kwa sita. Katika mchezo wa watatu ni mafua. Kikosi chake kizima kilikuwa kimejengwa kutibu ugonjwa wa mtaa mwingine.

Kando yetu wazee walikuwa kwenye bao. Mgeni akiketi pale huulizwa kabla hajagusa kete: la kujifunza ama la Kiswahili? Kwenye la kujifunza, kila shimo lina kete mbili na zote 64 zimo ubaoni tangu mwanzo. Kwenye la Kiswahili, unaanza na kete sita nyumbani, mbili mbili kwenye mashimo mawili ya jirani, na 22 zimebaki mkononi za kunamua moja moja. Ubao ni ule ule na kete ni zile zile, lakini bingwa wa la kwanza akiingizwa kwenye la pili hupotea njia kama mtoto sokoni Kongowea. Pokémon ya mashindano iko hivyo hivyo. Kuna mbao tatu kubwa, kila moja imezaliwa mahali pake, na anayeanza leo hapa Mombasa anapaswa kujua anaketi kwenye upi kabla hajapoteza wiki mbili.

Kila sheria ina kwao

Gemu za kwanza zilitoka Japani tarehe 27 Februari 1996. Mwaka uliofuata kukawa na Kombe la Nintendo la 1997, na sheria yake ndiyo mama wa mtindo wa Kijapani: unakuja na sita, unateua watatu, kila mmoja awe na leveli kati ya 50 na 55, na jumla ya leveli za watatu hao isizidi 155. Piga hesabu. Ukimpa mmoja 55, wenzake wawili hawana budi kuwa 50. Sasa mfikirie anayempenda Dragonite. Katika gemu zile Dragonair hageuki kuwa Dragonite mpaka afike leveli 55, kwa hivyo kumleta Dragonite ni kumpa nafasi yote ya ziada na kuwabana wengine wote. Mchezaji wa Kijapani alijifunza tangu siku ya kwanza kwamba vita huanza wakati wa kuteua, kabla ya pigo lolote. Wana hata neno lao la kazi hiyo, senshutsu, na ukiwasikia wakichambua mechi ndilo neno utakalolisikia kabla ya mengine.

Marekani gemu zilifika Septemba 1998, Ulaya Oktoba 1999. Na hazikufika zilivyo. Kuna jambo moja dogo ambalo mimi hulirudia kila ninapopata nafasi, kwa sababu linaonyesha jinsi tofauti ya tarakimu moja inavyozaa michezo miwili. Pigo la barafu la Blizzard, katika gemu za Kijapani za kizazi cha kwanza, lilikuwa na nafasi ya asilimia 30 ya kumgandisha anayepigwa. Katika zile za kimataifa ni asilimia 10. Na katika kizazi kile Pokémon aliyeganda hayeyuki mwenyewe. Lazima apigwe kwa moto unaoweza kuunguza, ama mpinzani atumie mbinu ya Haze, la sivyo anabaki barafu mpaka mwisho wa mechi. Kuganda ni kufa, ila maiti bado imesimama. Asilimia 10 ni bahati mbaya ya mara moja moja. Asilimia 30, kwa pigo linalopata mara tisa kati ya kumi, ni silaha unayoipangia mipango.

Wachezaji wa Magharibi walikutana zaidi kwenye kompyuta, kwenye programu za kuigiza mapambano, mbali na mashindano ya kampuni ya Pokémon. Huko wakajitungia sheria wenyewe. Smogon, jumuiya yao ya mtandaoni, ilianza mwaka 2004, na Pokémon Showdown, programu ambayo wengi wetu tunachezea kwenye simu, ikaanza 2011. Wao walichagua sita wote waingie, mmoja kwa mmoja, leveli 100, na Pokémon ama mbinu inayoharibu mchezo hupigiwa kura na wachezaji waliojithibitisha kwa kupanda ngazi. Kuganda nako walikuwekea mpaka: katika kizazi cha kwanza, kwao, huruhusiwi kugandisha zaidi ya mmoja.

Wa tatu ni mtindo wa kampuni yenyewe, VGC (Video Game Championships), ambao ubingwa wake wa kwanza wa dunia ulikuwa San Diego mwaka 2009. Huo ni wawili kwa wawili: unakuja na sita, unateua wanne, wawili wanatangulia na wawili wanangoja nyuma.

Sita kwa sita: mchezo wa anayejua kusubiri

Hapa kila ulichonacho kinaingia na hakuna cha kuficha ila mpangilio. Mechi ni ndefu. Zamu 30 ni kawaida, na nimewahi kuvuka 100. Kwa sababu ya urefu huo, vitu vidogo vinavyojirudia ndivyo vinavyoamua. Leftovers hurudisha sehemu moja ya 16 ya uhai kila zamu. Katika mechi ya zamu nane hiyo ni nusu ya uhai, katika mechi ya zamu 40 ni uhai zaidi ya mara mbili. Stealth Rock humpiga kila anayeingia: asilimia 12.5 kwa wa kawaida, na hadi asilimia 50 kwa mwenye udhaifu maradufu kwa mawe, kama Charizard. Mtoe Charizard mara mbili bila viatu na hana haja ya adui. Ndiyo maana mpwa wangu alikuwa na viatu vinne, na huko hakukosea hata kidogo.

Ujuzi wa mtindo huu ni kubadilisha. Unamtoa huyu, unamwingiza yule atakayelipokea pigo, mpinzani naye anakisia kwamba utamtoa, wewe unakisia kwamba amekisia. Asiyependa kukisia atachoka. Anayependa hatalala.

Sheria zake zinapunguza bahati. Mbinu za kukwepa kwa kupandisha ukwepaji haziruhusiwi, wala mapigo ya kuua kwa mara moja. Usingizi ulikuwa na mpaka wa mmoja kwa wakati mmoja, na mwaka 2024, katika daraja kuu la gemu za Scarlet na Violet, mbinu za kulaza zikapigwa marufuku kabisa. Dynamax, ile ya kumkuza Pokémon awe jitu, ilitoka na Sword na Shield Novemba 2019, na Desemba ile ile Smogon wakaifungia mlango katika daraja lao kuu. Kampuni na Wajapani waliendelea nayo miaka mitatu. Kwa muda huo wote, mtu wa Magharibi aliyecheza mmoja kwa mmoja na mtu wa Osaka aliyecheza mmoja kwa mmoja walishika gemu moja na kucheza michezo miwili.

Nausifu mtindo huu kwa jambo moja ambalo mingine haina: maandishi. Kila Pokémon ameandikiwa uchambuzi, kila sheria imeelezwa ilikotoka. Anayejifunza peke yake chumbani Kisauni bila rafiki wa kumuuliza atapata mwalimu.

Lakini ukinunua Switch, mashine ya gemu ya Nintendo, na gemu yake, huu haumo kwenye mapambano ya viwango. Mapambano ya viwango ya mmoja kwa mmoja ni watatu kati ya sita, na ya wawili kwa wawili ni wanne kati ya sita. Sita kwa sita unabaki nao Showdown ama unapatana na rafiki. Watu wengi hulijua hili baada ya kulipa.

Wawili kwa wawili: kichwa kimoja, mikono minne

Mechi yangu ya kwanza ya mtindo huu niliingia na Garchomp na Gholdengo pamoja. Adui mbele yangu alikuwa dhaifu kwa ardhi, nami nikabonyeza Earthquake kama nilivyozoea miaka yote. Ardhi ikatikisika. Adui mmoja akaanguka, na Gholdengo wangu naye akaanguka, kwa sababu Earthquake katika uwanja wa wawili humpiga kila aliye uwanjani isipokuwa anayepiga, na Gholdengo ni chuma, naye dhaifu kwa ardhi. Nilikaa nikiitazama skrini. Siku ile ndipo nilipofahamu kwa nini wachezaji wazoefu wa VGC humpa Garchomp Stomping Tantrum, pigo lenye nguvu ndogo zaidi kwa maandishi lakini linalompata mmoja tu.

Mambo ya namna hiyo yamejaa. Pigo linaloenea kwa wengi hupungua hadi asilimia 75 ya nguvu kwa kila mmoja. Protect, mbinu ya kujikinga zamu moja, katika sita kwa sita hutumika kwa nadra na kwa sababu maalum. Hapa karibu kila Pokémon anayo, kwa sababu mmoja akijikinga mwenzake anafanya kazi. Fake Out humshtua adui asifanye lolote, lakini ni katika zamu ya kwanza tu ya kuingia uwanjani. Tailwind inaongeza kasi ya upande wako maradufu kwa zamu nne. Trick Room inageuza kasi juu chini kwa zamu tano, kobe anamtangulia sungura. Anayetawala kasi katika zamu tatu za kwanza mara nyingi ndiye anayeondoka na mechi.

Ndiyo maana thamani ya Pokémon mmoja mmoja hubadilika sana ukivuka kutoka ubao huu kwenda ule. Incineroar kwenye sita kwa sita hatajwi sana. Huku ni kama chumvi jikoni: akiingia tu hupunguza nguvu za mapigo ya kimwili ya maadui wote wawili hadi theluthi mbili, anashtua kwa Fake Out, anatoka, anarudi, anapunguza tena. Na kama unataka ushahidi mkubwa zaidi, ni Washington, D.C., mwaka 2014. Se Jun Park wa Korea Kusini alitwaa ubingwa wa dunia na Pachirisu kikosini, kindi mdogo wa umeme ambaye katika mmoja kwa mmoja hakuna aliyemhesabu. Kazi yake ilikuwa kusema nipigeni mimi. Kwa Follow Me alivuta mapigo yote upande wake, mwenzake akapata nafasi ya kuua. Katika uwanja wa mmoja kwa mmoja mbinu hiyo haina maana yoyote, kwani nani mwingine angepigwa? Kindi alikuwa yule yule, na sheria ya wawili ndiyo iliyompa kazi.

Usingizi huku hauna mpaka. Amoonguss, yule uyoga, analaza kwa Spore isiyokosea, na hakuna kura ya kumzuia. Unamjibu kwa kikosi: Pokémon wa majani hawapatwi na unga wake, miwani ya Safety Goggles inakinga, mbinu ya Taunt inamfunga asilaze. Falsafa ya kampuni ni kwamba ugonjwa umo, jitayarishe. Ya Smogon ni kwamba ugonjwa uondolewe mjini. Sioni aliyekosea, ila kila moja inalea mchezaji wa tabia yake.

Kisha kuna suala la kuonana ama kufichana, na hapa mahali pamewagawa watu kweli kweli. Tangu msimu wa 2022 hadi 2023, mashindano rasmi ya ana kwa ana ya Marekani na Ulaya yamekuwa ya orodha wazi: kabla ya mechi mpinzani anaona mbinu zako, vifaa, uwezo na, kwenye Scarlet na Violet, aina ya Tera (aina ambayo Pokémon anaweza kujigeuza), asichokiona ni hesabu za mazoezi, yaani pointi zinazopandisha nguvu na kasi, na tabia (nature) ya kila Pokémon. Tena mnacheza mapambano matatu, mshindi wa mawili. Wajapani kwa miaka mingi walichujwa kwa mapambano ya mtandaoni, moja moja, kila kitu kimefichwa. Fikiria hilo linavyomlea mtu. Anayecheza pambano moja la kufichana hujifunza kushtukiza: kifaa ambacho hukutarajia, pigo la aina usiyoidhania, kasi iliyozidi kwa pointi moja. Mshtuko ukifanikiwa mara moja umetosha, hakuna pambano la pili. Anayecheza matatu kwa orodha wazi hujenga kikosi kisichotegemea siri, kisha hujifunza kubadilika baina ya pambano na pambano. Kwenye ngazi ya gemu ukishindwa na kitu cha ajabu, usiseme ni bahati. Huenda umekutana na aliyekulia kwenye shule ile ya kwanza.

Gharama moja ya mtindo huu ni kwamba sheria hubadilika mara kwa mara. Mei 2024 ilianza kanuni G, kila kikosi kikaruhusiwa gwiji mmoja wa ngazi ya juu kabisa, na kwa kanuni hiyo Luca Ceribelli wa Italia akawa bingwa wa dunia Honolulu mwezi Agosti. Septemba ikaja kanuni H, magwiji wote wakatolewa. Kikosi ulichokisuka kwa miezi minne kinakwenda kabatini. Kwa anayechoka haraka hilo ni zuri. Kwa mwenye nafasi ndogo ya kufanya mazoezi linaumiza.

Watatu kati ya sita: kisu kifupi

Huu ndio niupendao, na sitaficha.

Unaonyeshwa sita wa mpinzani, naye anaona sita wako, mna sekunde 90. Watatu kati ya sita ni njia 20, na ukihesabu nani atangulie zinakuwa 60. Kwenye sita kwa sita uamuzi wa mwanzo una njia sita tu, kwani wote wanaingia. Hapa nusu ya kikosi itabaki benchi na mpinzani hajui nusu ipi. Kikosi kizuri ni kile ambacho sita wake wanatisha kwa namna ambazo watatu hawawezi kuzibeba zote: mpinzani anajiandaa kwa hatari ambayo haiji.

Vifaa navyo hubadilika bei. Focus Sash humwokoa mwenye uhai kamili asife kwa pigo moja, anabaki na uhai wa pointi moja. Kwenye sita kwa sita mawe ya Stealth Rock huikata mapema, wengi hawaisumbukii. Kwenye watatu ni dhahabu, kwa sababu mara nyingi mawe hayajapata hata zamu ya kuwekwa. Na kwa kuwa kifaa cha aina moja ni cha mmoja tu, kila kikosi kina swali la urithi: Sash ni ya nani? Nimewahi kukaa usiku mzima na swali hilo peke yake.

Kasoro yake pia niiseme. Mapigo ya kuua mara moja yanaruhusiwa. Ting-Lu, yule mzito mwenye bakuli kichwani, anayo Fissure, na Fissure hupata mara tatu kati ya kumi. Ukiwa na watatu tu na mmoja akadidimia ardhini zamu ya pili, theluthi ya jeshi imekwenda kwa bahati. Wajapani wameishi nayo na wanaihesabu kama hesabu nyingine yoyote. Mtu aliyetoka Smogon huiona dhulma. Kama moyo wako haustahimili hilo, usijilazimishe, rudi kwa wale waliolifungia mlango.

Na kosa dogo halirekebishiki. Katika sita kwa sita ukimpoteza mmoja zamu ya tatu bado una watano na nusu saa ya kutafakari. Hapa ukimtoa yule usiyepaswa kumtoa, mechi imekwisha na wewe bado unajua tu kwamba kuna kitu hakikwenda.

Pochi, bando na saa za Mombasa

Showdown ni bure, inafunguka kwenye kivinjari cha simu yoyote ya kawaida, na mitindo yote mitatu imo. Kikosi unakiunda kwa dakika chache bila kufuga wala kufundisha. Switch inataka mashine yenyewe, gemu, na malipo ya Nintendo Switch Online ili upambane na wa mbali. Kama bado unajiuliza utapenda mtindo upi, usinunue chochote. Cheza bure miezi miwili kwanza.

Umbali wetu na seva za ng'ambo hautuumizi kama unavyowaumiza vijana wa gemu za mpira, ambao sekunde moja ya kukwama ni goli. Huu ni mchezo wa zamu, na kwenye gemu una sekunde 45 za kuamua. Kinachoumiza ni stima. Ikipotea katikati ya mechi ya viwango, mtandao wa nyumbani unazima na mechi imehesabiwa. Mimi huweka bando la simu tayari kabla sijaanza.

Urefu wa mechi uutazame kwa maisha yako. Kwenye gemu pambano la viwango lina dakika 20 tu jumla, na kila mchezaji dakika saba zake za kufikiria. Mechi ya watatu mimi huimaliza nikingoja tuktuk ijae ama foleni ya kivuko cha Likoni isogee. Mechi ya sita kwa sita nimeianza mara kadhaa upande wa kisiwani nikafika Likoni, nikashuka, nikapanda gari, na bado mpinzani wangu anamrudisha yule yule mwenye kujitibu.

Kuna na saa. Japani iko mbele yetu kwa saa sita. Ukiingia kwenye ngazi ya gemu saa tisa alasiri, kwao ni saa tatu usiku, watu wametoka kazini na skuli, na utawakuta wengi. Saa nane usiku kwetu, New York ni jioni. Ukitaka kujifunza kuteua kama Wajapani, cheza baada ya chakula cha mchana. Ukiamka kwa ajili ya daku mwezi wa Ramadhani na una dakika chache, utakutana na Marekani.

Basi uketi kwenye ubao upi?

Ukiwa peke yako, una simu tu, una subira, na unapenda kusoma: sita kwa sita. Utajifunza aina zote, udhaifu wote, na hesabu za mapigo, na maarifa hayo hayapotei. Jihadhari na mawili siku utakapohama. Hesabu za kasi ulizozikariri za leveli 100 hazifai leveli 50, kwa sababu kule pointi nne za mazoezi huongeza moja, huku mara nyingi unahitaji nane. Na mazoea ya kubadilisha kila zamu yatakuua, kwenye watatu kila kumtoa mtu ni kumzawadia mpinzani pigo la bure.

Ukiwa na ndoto ya kusafiri na kukaa meza moja na watu wa dunia, hakuna mjadala, ni wawili kwa wawili. Ubingwa wa dunia wa gemu unachezwa kwa sheria hiyo peke yake. Miaka mitano ya ustadi wa sita kwa sita haitakufungulia mlango ule. Anza leo, na anza kwa orodha wazi, mapambano matatu, hata mkiwa barazani wawili. Andikeni kikosi kwenye karatasi, mbadilishane, kisha mcheze. Tangu tulipofanya hivyo pale kwetu, ugomvi wa "hukusema ana pigo hilo" umekoma.

Ukiwa na kazi, ama mitihani, ama mtoto mchanga, ukipata dakika kumi hapa na kumi pale: watatu kati ya sita. Vile vile ukiwa tayari una Switch na unapenda mmoja kwa mmoja, kwani ndio mtindo utakaoukuta humo ukipenda usipende.

Na kama mko kundi, jambo la kwanza kukubaliana si nani atacheza na nani. Ni vifaa vijirudie ama visijirudie, usingizi una mpaka ama hauna, orodha wazi ama imefichwa. Maswali matatu, dakika mbili. Mcheza kwao hutuzwa, na "kwao" hapa ni sheria uliyozoea, kwa hivyo zungusheni: wiki hii kwa sheria za Majengo, wiki ijayo kwa zenu.

Mpwa wangu nilimwachia kiatu kimoja. Sash akampa yule wa kutangulia, Leftovers akaitoa kabisa, na wawili waliokuwa wa kujitibu tu akawabadilisha na wenye pigo la kutangulia. Hakupenda, alisema kikosi si chake tena. Mechi ya kwanza akapigwa. Ya pili akakaa na zile sekunde 90 zote, midomo ikimchezacheza akihesabu, akamwacha nje yule ampendaye kuliko wote. Adhana ya Isha ilipotoka alikuwa amecheza nne.